"Guy" si jamaa kila mahali

Mwezi wangu wa tatu kwenye kazi ya tafsiri nilipewa maelekezo ya kusimamisha mahema. Kila palipoandikwa "guy rope" nikaweka "kamba ya jamaa", nikakabidhi kazi moyo mweupe. Fundi wa mahema akanipigia simu: "Kaka, huyu jamaa ni nani, na kamba yake tukaitafute wapi?" Kumbe ni zile kamba zinazolivuta hema hadi kwenye vigingi lisichukuliwe na upepo. Neno hilo limetoka kwa mabaharia, halina undugu na lile la mtu.

Ninyi mnaoanza kutafsiri, hasa wa filamu, mtakutana na "guy" kila siku. Lile la mtu limetokana na Mwingereza aliyeitwa Guy Fawkes. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 1605 alikutwa chini ya jengo la Bunge, London, akilinda mapipa 36 ya baruti ya kumlipua Mfalme James wa Kwanza. Tangu hapo Waingereza huwasha mioto kila tarehe hiyo, na ikawa desturi kuchoma sanamu yake ya matambara. Sanamu yenyewe ikaitwa "guy". Kufika karne ya 19, mtu aliyevaa ovyo naye akaitwa hivyo hivyo. Kwa hiyo katika kitabu cha Kiingereza cha zama hizo, bibi akiambiwa kavaa kama "guy", usithubutu kuandika jamaa. Kaambiwa ni kinyago! Wamarekani ndio waliolilainisha likawa mwanamume yeyote, na hapo "jamaa" inakaa sawasawa.

Linaloponza wengi ni wingi wake. "You guys" huambiwa hata wasichana watupu, kwa hiyo "nyie" inatosha. Na mtu akiingia chumbani akaanza na "Guys", mpe "Jamani". Tunalo neno tamu kuliko lao, tulitumie.

"Wise guy" si mwenye hekima, ni mjuaji, yule wa kujibujibu. Ila kwenye filamu za Mafia ni mtu wa genge. "Fall guy" ni anayebebeshwa lawama za wenzake. Niliwahi kuona imeandikwa "jamaa aliyeanguka", na kwenye picha mwenyewe kaketi kitini, anakunywa kahawa.