Tunda likiiva hulainika kwa nini? Si maji, mkuu

Mkuu, umeuliza kama tunda hulainika kwa sababu maji yanaongezeka ndani au ndiyo limeanza kuoza. Hapana kwa yote mawili. Kinacholegea ni kuta za seli, na anayezibomoa ni tunda lenyewe.

Mimi nilijifunza kwa hasara ya sufuria nzima. Nilipika jamu ya matunda yaliyoiva kupindukia, nikidhani yakiwa matamu zaidi ndiyo bora. Nikachemsha, nikatia sukari, nikakamulia limau, ikabaki uji. Mara ya pili nikachanganya na magumumagumu, ikaganda vizuri. Tofauti ilikuwa pektini, ndiyo inayogandisha jamu.

Pektini ndiyo gundi inayoshikanisha seli na seli, na imejaa pia katikati ya nyuzi za selulosi ukutani. Ni minyororo mirefu. Katika matunda kama ndizi, nyanya na parachichi, gesi ya ethilini huwasha jeni za vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, kazi ikaanza. Kimeng'enya cha pektini methilesterazi huvua vikundi vya methili (vikundi vidogo vya atomi) vilivyoifunika minyororo ile, ndipo kingine, poligalakturonazi, hupata pa kukatia. Pektati liazi nayo hukata kwa njia yake. Protini iitwayo ekspansini haikati chochote, hulegeza tu nyuzi ziteleze. Sasa mimi nilikuwa nachemsha vipandevipande vya pektini nikingoja vigande!

Ukiambiwa ni kimeng'enya kimoja tu, usikubali. Mwaka 1994 nyanya ya Flavr Savr iliingia sokoni Marekani, jeni zake zimebadilishwa ili poligalakturonazi ipungue sana. Nyanya za namna hiyo zikaendelea kulainika karibu kama kawaida, ingawa rojo lake lilikuwa zito zaidi. Ilipofika 2016 watafiti wakaonyesha kwamba ukizima pektati liazi, nyanya hubaki ngumu zaidi. Waliotengeneza Flavr Savr walikuwa wamembana mshukiwa asiye mkuu.

Na hilo la maji, tazama pichi iliyokaa muda mrefu kwenye baridi. Ukiing'ata ni kavu, kama unga mdomoni. Methili zimevuliwa, lakini ukataji umezorota, kwa hiyo pektini ndefu inanyonya utomvu na kuwa kama jeli. Maji yamo humohumo, yamenaswa tu.