Maswali ya wasomaji: Mkwe analipishwa hela ya watoto, yeye hajaila

Swali: Habari zenu wanangu. Mimi ni mama wa hapa Ujiji, binti yangu yuko Leicester, Uingereza na mumewe na wajukuu zangu wawili, mdogo ana miaka miwili ndo maana binti hajarudi kazini, anakaa nyumbani analea. Serikali ya kule inampa hela ya watoto kila wiki nne na humo humo ndo alikuwa ananitolea kidogo cha dawa za presha. Sasa mkwe kaletewa barua ya kodi kwamba hela ile airudishe, tena anadaiwa yeye siyo binti, na nyumba haina amani kabisa maana mkwe anasema analipishwa hela ambayo hajaigusa. Binti anataka aende akafute jina lake wasimpe tena. Je binti yangu kaiba? Na afute?

Jibu: Shikamoo mama. Binti yako hajaiba kitu, na mkwe wako naye hajaonewa na mke wake, hilo naomba uwaambie wote wawili hata leo kwenye simu. Hivo ndo sheria ya kule ilivyo tangu Januari 2013. Hapa kwetu TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wanaichambua kaya kwanza ndo wanatoa hela, kule wanampa mzazi hiyo posho ya watoto (Child Benefit) bila kuuliza mshahara, alafu mwisho wa mwaka wa kodi wanamwangalia mwenye kipato kikubwa zaidi kati ya mume na mke, na huyo ndo anatozwa, hata kama hela iliingia kwenye akaunti ya mwenzake.

Tozo inaanza mtu akizidi pauni 60,000 kwa mwaka (mpaka 2024 ilikuwa 50,000), na kila pauni 200 zinazozidi hapo unarudisha asilimia moja ya posho, ukifika 80,000 umerudisha yote. Tuseme mkwe anapata 66,000. Kwa viwango vya mwaka wa kodi 2025/26 mtoto wa kwanza ni pauni 26.05 kwa wiki na anayefuata 17.25, kwahiyo kwa mwaka wajukuu wako wanaleta kama pauni 2,250 hivi. Yeye kazidi 6,000, hiyo ni asilimia 30, basi anadaiwa pauni 675 na zinazobaki, zaidi ya 1,500, ni halali ya nyumba yao. Unaona mama, siyo kwamba wananyang'anywa zote, na ukifuta unazipoteza hata hizo 1,500.

Kwahiyo asifute! Hili nalisisitiza sana kwa sababu binti hana mshahara sasa hivi. Kule pensheni ya serikali inahesabiwa kwa miaka uliyochangia, inatakiwa angalau miaka 10 ndo upate chochote na kama 35 upate kamili, na mzazi anayelea mtoto wa chini ya miaka 12 anahesabiwa kama amechangia ilimradi jina lake lipo kwenye hiyo posho. Hata mkwe akija kupandishwa mshahara akavuka 80,000, binti aombe tu wasimtumie hela lakini jina libaki. Wanawake wengi wanafuta kwa hasira ya barua moja, alafu uzeeni ndo wanakuja kugundua miaka imekatika.

Alafu kuna jambo mkwe alifanyie kazi. Kipato kinachoangaliwa ni kile kinachobaki ukishatoa michango ya pensheni binafsi, na pia sadaka zinazotolewa kwa utaratibu unaoitwa Gift Aid, iwe kanisani au msikitini. Mwenye 66,000 akiweka 6,000 kwenye pensheni yake kipato kinahesabika 60,000 na tozo inakuwa sifuri, na ile hela bado ni yake ya uzeeni. Deni la mwaka uliopita lakini halikwepeki, alipe, na kama ni zito awapigie HMRC, mamlaka ya kodi ya kule, ndo TRA yao, aombe kulipa kwa mafungu, asikae kimya maana kuna riba na faini. Kwa mbele, tangu 2025 mwajiriwa anaweza kuomba tozo ikatwe kwenye mshahara bila kujaza ritani (fomu ya kodi ya mwaka), asipofanya hivo ajisajili kabla ya tarehe 5 Oktoba na ritani iingie onlaini kabla ya 31 Januari.

Kinachoniuma mimi ni kwamba nyumba yenye mshahara mmoja ndo inaumia. Mume na mke wanaopata 59,000 kila mmoja, jumla 118,000, hawatozwi hata senti, wakati jirani yao ambaye mama analea na baba anapata 80,000 wanarudisha yote. Machi 2024 serikali ilitangaza itaanza kuangalia kipato cha nyumba nzima, Oktoba mwaka huo huo serikali mpya ikaachana na huo mpango. Mimi naona siyo haki.

Na hela yako ya dawa mama, waambie waipange upya kwa uwazi, mkwe akijua kiasi na kazi yake.

Swali: Mimi wa Kasulu naishi Coventry, nimeoa mwanamke mwenye watoto watatu wa ndoa ya kwanza, baba yao yupo na anatoa matunzo. Napata 71,000. Nami natozwa kwa watoto wasio wangu?

Jibu: Ndiyo kaka, unatozwa, kama mkeo hakuzidi kipato. Kule hawaangalii nani kazaa, wanaangalia nani anaishi na anayepokea posho. Baba yao hata awe tajiri vipi, kama hakai nanyi hahusiki na tozo. Kwa 71,000 ni asilimia 55 ya posho, lakini ni kwa zile wiki tu ambazo mmekaa pamoja, kwahiyo tarehe mliyohamia nyumba moja iandikeni mahali. Na kaeni mzungumze mapema, huyo mama asije akaona watoto wake wamekuwa mzigo kwako.

Swali: Mjukuu wetu wa London anakuja hapa Mwandiga, tunataka akae miezi mitano ajue Kiha vizuri. Posho yake itaendelea?

Jibu: Akae, lakini posho inavumilia wiki 12 tu mtoto akiwa nje ya nchi kwa matembezi kama hayo. Zikipita, mama yake atoe taarifa HMRC wasitishe hela ya huyo mtoto, akirudi aombe tena mapema kwa sababu wanarudisha nyuma miezi mitatu tu. Asiache ijilimbikize, maana wataidai.