Maswali ya Wasomaji: Mtoto hakai, uji unampalia

Habari za kazi wanangu. Mjukuu wangu ana miezi 14, hakai. Nikimshika kwapani miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi. Ngumi ya kulia haifunguki, kila kitu anachukua kwa kushoto. Majirani wanasema kabemendwa, na sasa mwanangu na mkewe hawasemeshani. Zahanati wanasema tusubiri, atachangamka. Tusubiri mpaka lini? — Bibi, Kahama

Shikamoo bibi. Msisubiri. Mtoto anayekwenda vizuri huwa anakaa peke yake akifika miezi 9 hivi, na mjukuu wako ameipita miezi mitano. Hata angekuwa mvivu tu wa kukaa, hayo mengine mawili uliyoyaona yangetosha kumpeleka. Miguu kupishana ni misuli iliyokaza. Kuchagua mkono mmoja mapema hivi nako si kipaji cha ushoto, ni dalili kwamba mkono wa pili una shida.

Dalili hizi zinaelekea kwenye mtindio wa ubongo, yaani sehemu ya ubongo inayoendesha misuli imeumia, ama tumboni, ama wakati wa kuzaliwa, ama katika miezi ya mwanzo. Muulize mkweo taratibu, bila kumhukumu: mtoto alilia mara tu alipozaliwa? Alinyonya siku hiyo hiyo? Alikuwa njiti? Macho na ngozi vilikuwa vya manjano sana? Amewahi kupata homa ya uti wa mgongo, malaria kali au degedege? Andikeni majibu kwenye karatasi, mchukue na kadi ya kliniki, mwende hospitali ya rufaa ya mkoa na muulizie fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Ombeni pia apimwe macho na masikio, maana mara nyingi hivyo husahaulika.

Kuhusu kubemenda, ile imani kwamba mtoto hudhurika wazazi wakikutana angali ananyonya: tendo la ndoa la wazazi haliufikii ubongo wa mtoto. Kilichoonwa na wazee wetu ni mama kushika mimba mapema, mtoto kuachishwa ziwa na kudhoofika kwa njaa. Hiyo ni lishe, na dawa yake ni chakula. Hao wawili waambie wasemeshane, kwa sababu mtoto huyu atahitaji mikono yote minne.

Wakati mnangoja tarehe, msimnyooshe miguu kwa nguvu wala kumsimamisha kwenye kigari cha kutembelea. Misuli iliyokaza ikivutwa ghafla hukaza zaidi, na kigari humfundisha kusimamia ncha za vidole. Mbebeni mgongoni kwa kanga, mapaja yametanuka pande mbili za kiuno cha mbebaji. Wataalamu wa mazoezi wangewaelekeza mkao huo huo. Ngumi nayo msiivute vidole: kunja kifundo cha mkono kielekee chini kidogo, vidole vitalegea vyenyewe, kisha tandaza kiganja ukianzia kwenye shina la kidole gumba.

Mwanangu ana miaka miwili na nusu, ana mtindio wa ubongo. Kumlisha bakuli moja la uji ni saa nzima na zaidi, anapaliwa, machozi yanamtoka, nusu ya uji inaishia kwenye kanga. Kifua hakimwishi. Mama mkwe ananiambia nimlaze magotini nimmiminie kwa kiganja kama walivyolelewa wao. — Mama wa wawili, Mbagala

Dada, hilo la kulaza acha leo. Kichwa kikilala nyuma, njia ya hewa inabaki wazi na uji unashuka wenyewe kabla mtoto hajajiandaa kumeza. Jaribu wewe mwenyewe: tazama dari, umeze mate. Kisha inamisha kidevu kidogo, umeze tena. Mwite na mama mkwe ajaribu, hutahitaji kubishana naye.

Anza na mkao. Akae wima, nyonga na magoti vimekunjwa, nyayo zina pa kukanyaga, mikono yote miwili iko mbele. Kama hana kiti, keti sakafuni uegemee ukuta, mweke katikati ya miguu yako, paja lako moja limshikilie mgongo. Kidevu kiinamie mbele kidogo. Wewe uwe mbele yake, uso kwa uso, chini kidogo ya macho yake. Ukisimama ukamlisha kutoka juu, atainua kichwa kukufuata na yote uliyoyapanga yataharibika.

Kijiko kiwe kidogo na bapa, cha plastiki ngumu kama mtoto huuma. Weka nusu kijiko cha chai tu. Kilete kutoka mbele usawa wa mdomo, kibonyeze polepole juu ya ulimi, ngoja. Hapa ndipo wengi tunapokosea: tunakwangua uji kwenye meno ya juu ili kijiko kitoke haraka. Ukikwangua, kichwa kinarudi nyuma na midomo haijifunzi kufunga. Ngoja midomo ishuke, hata kwa sekunde tano, ndipo utoe kijiko kikiwa sawa. Usilete kingine mpaka uone koo limepanda na kushuka.

Uji mwepesi ndio mgumu kuliko vyote kwa mtoto huyu, kwa kuwa unakimbia. Upike mzito, ukiinamisha kijiko uanguke kwa bonge, usitiririke. Ndizi iliyopondwa, parachichi, viazi vilivyosagwa na mchuzi mzito vinafaa. Epuka vinavyochanganya maji na vipande, kama supu yenye nyama au chungwa. Kwa kuwa anakula kidogo, kila kijiko kibebe nguvu: ongeza kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula, au kijiko cha chakula cha karanga zilizosagwa laini kabisa, kwenye bakuli dogo. Mlishe mara tano au sita kwa siku, kila mlo usizidi dakika 30. Baada ya hapo amechoka, na mtoto aliyechoka ndiye anayepaliwa. Akimaliza, abaki wima nusu saa.

Kwa maji, chukua kikombe laini cha plastiki, kata nusu duara upande mmoja wa ukingo, pana kiasi cha pua kupita, na ulainishe makali. Upande usiokatwa ndio wa midomo. Hivyo atakunywa bila kuinua kichwa, nawe utaona maji yalipofikia. Chuchu ya chupa siyo ya umri huu.

Lakini kile kifua usikichukulie kama mafua. Sauti ikiwa kama ina maji ndani baada ya kula, mtoto akibadilika rangi, au akiugua nimonia mara kwa mara, huenda chakula kinaingia mapafuni. Kinaweza kuingia hata bila kikohozi. Mwambie daktari hivyo hivyo, na uombe apimwe uzito na umezaji. Kuna watoto wanaohitaji mpira wa kulishia kwa muda, na hilo halimaanishi umeshindwa.

Mimi ni seremala. Jirani ameniomba nimtengenezee mwanawe kiti maalumu, hakai vizuri. Nipeni vipimo. — Fundi, Bagamoyo

Fundi, vipimo anavyo mtoto mwenyewe. Mkalishe juu ya meza, mama amshike, upime:

– nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, utoe sentimita 2 au 3: huo ni urefu wa bao la kukalia;
– nyuma ya goti hadi kisigino: kimo cha bao kutoka pa kukanyagia;
– upana wa nyonga, ongeza kidole kimoja kila upande;
– bao hadi kiwiko: kimo cha meza ya mbele.

Kosa la kawaida ni bao refu mno. Makalio hayafiki nyuma, mtoto anateleza mbele, na wazazi wanamfunga mkanda tumboni. Mkanda upite kwenye mkunjo wa nyonga, uvutwe kuelekea chini na nyuma kwa mshazari. Usimfunge shingoni au kifuani kwa kitambaa, akiteleza kitamkaba. Kama miguu inapishana, weka kigingi cha duara kilichovikwa sponji kati ya magoti, mbali na kinena.

Mtoto atakua. Mpe bao sentimita 4 zaidi na uzijaze kwa sponji ngumu nyuma ya mgongo, utakayoipunguza baadaye. Pa kukanyagia paingie kwenye matundu ya kushusha. Miguu ya kiti itanuke, kwani mtoto anayekakamaa ghafla huangusha kiti chembamba. Plaiwudi ya milimita 18 inatosha.

Mbao zikiwa ghali, maboksi yanaweza. Yagandishe tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga uliochemshwa, mistari ya tabaka moja ikatane na ya jingine, mpaka upate unene wa kama sentimita 2.5. Bana kwa mawe, anika. Likiwa bichi katikati litaota ukungu na kulegea, kwa hiyo usipake rangi ya mafuta mpaka likigongwa lilie kikavu.

Siku za kwanza akae dakika 15. Akitolewa, mama aangalie ngozi: wekundu usioisha ndani ya nusu saa maana yake kuna mahali panabana, urudie kazi.

Binti yetu alizaliwa na miguu kifundo, nyayo zimepindia ndani. Plasta zimeisha, amepewa viatu vya chuma cha katikati. Analia usiku kucha, mamake anavivua. Ni lazima? — Baba, Kilifi

Ni lazima. Miezi mitatu ya kwanza ni saa 23 kwa siku, kisha kila usiku na usingizi wa mchana hadi miaka minne au mitano. Kuvivua ndiyo sababu kubwa ya miguu kurudi kupinda, na plasta huanza upya.

Kilio cha siku mbili tatu ni cha kushindwa kurusha mguu mmoja mmoja: shika chuma, ukunje na kunyoosha magoti yote pamoja kama mchezo. Kikiendelea, angalia kama kisigino kimekaa chini ndani ya kiatu. Mvalishe soksi ya pamba, mkunje goti, kaza mkanda wa katikati kwanza, kisha chungulia tundu la nyuma ya kiatu. Chora mstari kwenye soli mahali vidole vinapoishia. Vikirudi nyuma ya mstari, kisigino kimechomoka. Kama hakiingii kabisa, msilazimishe, rudini kliniki wiki hiyo hiyo.