Laptopu ya chuo kwa laki saba: mpya ya boksi au mtumba wa ofisini?

Mkuu, umesema mdogo wako anaanza mwaka wa kwanza wa uhasibu, bajeti laki saba, na Kariakoo ameoneshwa mashine mbili: mpya ya boksi yenye prosesa ya Celeron (ile dhaifu ya Intel), RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4 na eMMC (hifadhi ya polepole) GB 64, na HP EliteBook 840 G5 iliyotumika, prosesa ya i5, RAM GB 8, SSD (hifadhi ya kasi) GB 256. Achukue mtumba. Ila asitoe hela kabla ya kuikagua.

Ile mpya ina ugonjwa usiotibika. eMMC imechomelewa kwenye mazabodi, na mara nyingi RAM nayo hivyo hivyo, kwa hiyo hakuna cha kuongeza baadaye. GB 64 ndicho kiwango cha chini kabisa cha Windows 11. Akishaweka Office na masasisho mawili matatu, nafasi imekwisha. Akifungua Excel, Zoom na tabo kadhaa za kivinjari, RAM inajaa, mashine inaanza kuazima nafasi kwenye diski ambayo yenyewe ni ya polepole. Hapo ndipo kila kitu kinaganda. Harufu ya upya haisaidii.

EliteBook ilitengenezwa kwa ajili ya ofisi: ina nafasi mbili za RAM, na SSD unaifungua kwa bisibisi.

Lakini "i5" peke yake haikwambii kitu. Tazama namba inayofuata: i5-8250U au 8350U ni kizazi cha 8, viini (core) 4. Kuna G5 zilizotoka na i5-7300U, kizazi cha 7, viini 2 tu, na kwa nje si rahisi kuzitofautisha. Microsoft wanaikubali Windows 11 kuanzia kizazi cha 8 kwa Intel, na msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Muuzaji anaweza kuilazimisha Windows 11 ikaingia kwenye kizazi cha 7, ikawaka vizuri dukani, kisha ikaja kugoma kupokea toleo jipya.

Ukaguzi uanze mashine ikiwa imezimwa na chaja imechomolewa. Iwashe huku unagonga F10 mfululizo. Ikidai nywila kabla ya kuingia BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine), iache hapo hapo. Hilo ni kufuli la ofisi iliyokuwa nayo, na kwa EliteBook kuchomoa kile kibetri kidogo cha ndani hakuliondoi, hata fundi akikuapia.

Ikishawaka, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance. Hapo utaona jina kamili la prosesa, RAM na nafasi zilizotumika. Ukikuta 1 of 2, yaani nafasi moja ya RAM bado iko wazi, vizuri sana.

Betri ndiyo inayoumiza wengi. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili kwenye njia itakayokuonesha. Linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Ikiwa ya kwanza ni mWh 50,000 na ya pili 30,000, imebaki asilimia 60. Chini ya hapo dai bei ishuke au wakuwekee nyingine. Usiamini namba peke yake, kwa sababu betri feki inaweza kuripoti uzima kamili. Cheza video dakika 20, mwanga juu kabisa, bila chaja. Ikishuka zaidi ya asilimia 15, hiyo imechoka. Kisha iweke juu ya kioo cha kaunta na ubonyeze pembe zake. Ikicheza, au tachipadi imeinuka upande mmoja, betri imevimba.

Kuna mtego mwingine: mashine iliyosajiliwa na kampuni ya nje. Inatumika vizuri mpaka siku unapoweka Windows upya na kuunganisha intaneti, ndipo unaletewa ukurasa wenye jina la kampuni ukidai barua pepe ya kazini. Muda ukiruhusu, wauzaji wafanye Reset (kufuta na kuweka Windows upya) mbele yako na uunganishe kwa hotspoti ya simu yako.

Kibodi ijaribiwe kitufe kwa kitufe kwenye Notepad, kioo kwa ukurasa mweupe. Chaja isome lebo: V 19.5, A 3.33, yaani wati 65. Chaja nyepesi kupita kiasi inaweza kukuchomea mazabodi. Risiti iandikwe serial number ya mashine na muda wa garantii. Ahadi ya mdomo inaishia mlangoni.

Kwa wanaosoma uzi huu na wanaelekea usanifu majengo au jiomatiki (upimaji na ramani), hesabu ni nyingine: Revit, programu ya kuchorea majengo, inataka RAM GB 16 kuanzia, na si Revit wala ArcGIS Pro ya ramani yenye toleo la Mac.

Chenji ikibaki, au bumu (hela ya mkopo wa chuo) likitoka, aongeze RAM ya pili: DDR4 GB 8, ile fupi ya laptopu, SODIMM. Ile ndefu ni ya dekstopu, haiingii.