Ikoni nazo zimebinafsishwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Huku Mtwara kuchele. Nafanya kazi steshenari hapa Shangani. Kompyuta ya dukani nimeiwekea njia za mkato za programu tunazotumia kila siku, nikabadili majina na picha zake ili mwenzangu wa zamu ya jioni asihangaike. Sasa nataka kubandika tangazo kwamba kazi hiyo nawafanyia na wengine. Niandike "tunakastomaizi" au "tunabinafsisha njia za mkato kwenye eneokazi"?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Na "njia ya mkato" sina ugomvi. Ilikuwepo porini kabla ya kompyuta, na imekaa mahali pake: kile kipicha kwenye kioo si programu, ni faili dogo tu linaloonyesha programu ilipo. Ndiyo maana ukilifuta, programu inabaki salama. Tushukuru mtafsiri hakuchagua "njia ya panya", maana kipanya alikuwa nacho mkononi, na kwenu mpakani neno hilo lina wenyewe.

Presha yangu inapandishwa na hilo "tunabinafsisha".

Nafsi tumeipata kwa Waarabu, pamoja na hiyo bi- iliyotangulia. Binafsi ni "kwa nafsi yake". Hapo hatuna kesi. Kesi ni kwamba kubinafsisha kumelelewa na miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa, na kila aliyekuwa na redio akajua maana yake: kilichokuwa chetu sote kimepata mwenyewe. Ninyi wa Mtwara na Lindi hamkuishia kulisikia redioni. Mna viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa na serikali, vikabinafsishwa, na baadhi vikaishia kuwa maghala.

Sasa mchukue mzee mstaafu wa kiwanda kimojawapo, anapita zake Shangani, anakuta ukutani: TUNABINAFSISHA KOMPYUTA. Unadhani atakuletea kompyuta? Ataingia kuuliza zabuni ilitangazwa lini. Atataka kujua mwekezaji ni nani, ametokea wapi, na wafanyakazi wa zamani watalipwa mafao yao au ndiyo yaleyale. Wewe utamwambia, "Hapana babu, nabinafsisha ikoni tu." Ikoni! Wameshafika kwenye ikoni! Atatoka hapo akiwaonya wenzake barazani kwamba safari hii hawajaacha hata picha. Na nani wa kumlaumu? Yeye anajua Kiswahili. Aliyepotoka ni tangazo.

Najua utetezi unaoletwa: neno moja laweza kuwa na maana mbili, mbona kaa ni wa baharini na wa jikoni. Kweli, lakini hao hawagombanii sentensi moja. Binafsisha ya kompyuta inagombana na nduguye papo hapo, maana unachokigusa mara nyingi ni mali ya wengi. Kompyuta yako wewe na mwenzako mnaitumia kwa zamu. Umeipanga ili imfae na yeye. Huo ni ubinafsi gani? Kama kila mmoja wenu ana akaunti yake, na njia ya mkato ukaiweka kwenye akaunti yako tu asiione mwenzio, hapo nitakusamehe, kwa shingo upande. Umejitwalia kweli.

"Tunakastomaizi" silipendi, linakwaruza koo, ila afadhali. Ni mgeni aliyekuja na sura yake. Hakuna atakayemdhania kuwa tume ya kuuza mashirika. Tatizo lake ni uvivu. Tazama swali lako mwenyewe: umesema umeweka, umebadili majina, umebadili picha. Hukulihitaji neno kubwa hata mara moja, na nimekuelewa vizuri kuliko nitakavyolielewa tangazo lako. Kiswahili kina kitenzi kwa kila kazi uliyoifanya. Unaburuta ikoni, unaipanga, unaipa jina jipya, unaibandika kwenye upau wa chini, unaichagulia vitufe vya kuifungulia. Ukitaka neno moja la kuyafunika yote, panga linatosha, na "upendavyo" ikae nyuma yake.

Basi andika hivi: TUNAKUPANGIA KOMPYUTA UPENDAVYO. Chini yake, kwa herufi ndogo: njia za mkato, majina, picha. Na bei uiweke, maana hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.

Eneokazi nimeliacha lipite. Lina ubaridi wa ofisi, lakini linaeleweka na halijamdhulumu mtu. Wateja wako wataendelea kusema "desktopu" hata nikilia, na sina mpango wa kulia.