Una maelezo mengi ya majaribio? Anza na vikaratasi

Dada, umesema watu 6 wameijaribu programu yenu ya kukata tiketi za basi, na sasa daftari limejaa na hujui pa kuanzia. Ripoti iache kwanza. Andika kila ulichokiona kwenye kikaratasi chake: nani, alikuwa anafanya nini, kikatokea nini. "Mshiriki wa 3 alirudi nyuma mara mbili akitafuta kiti" ni tukio. "Menyu ni mbovu" ni hukumu yako, iweke kando.

Kisha vipange kwa kufanana, majina ya mafungu yaje mwisho. Njia hii ni ya Mjapani Jiro Kawakita, na ukianza kwa kutaja mafungu utaona tu ulichotarajia kuona. Mwite na mtengeneza programu mpange pamoja. Hapo baadaye hatabishana sana.

Uzito wa kila kasoro upime kwa kipimo cha Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, 0 hadi 4. 4 ni kasoro ya kurekebishwa kabla programu haijatoka. Usihesabu vichwa tu: mmoja aliyekaribia kulipa mara mbili ni mzito kuliko wanne walioichukia rangi. Na tafadhali, kwa watu 6 usiandike asilimia. Andika "4 kati ya 6".