Mshahara unaingia kwa mwezi, Dar inadai kwa nusu mwaka

Juzi tarehe 19 kijana mmoja wa hapa ofisini, mgeni kabisa, hajamaliza hata mwezi wa tatu, alinisogelea mezani kwa sauti ya mgonjwa. "Dada, huna elfu ishirini hapo, nikurudishie mshahara ukitoka?" Wiki moja kabla alikuwa ametupitishia simu nzima picha za nyumba yake mpya Mikocheni. Mshahara wake naujua, naupitisha mimi. Milioni mbili. Na tarehe 19 hana nauli.

Sikumcheka mbele yake, maana nilijiona mwenyewe mwaka 2018. Basi wadogo zangu mlioajiriwa mwaka huu, vuteni viti.

1. Milioni mbili si milioni mbili. Hili nitalisema kila mwaka mpaka nistaafu. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, inaondoka na 200,000. PAYE, yaani kodi ya mshahara, inapigwa kwenye 1,800,000 iliyobaki: 128,000 kwa milioni ya kwanza, na asilimia 30 ya hizo laki nane za juu, jumla 368,000. Kama ulisoma kwa bumu, ule mkopo wa serikali wa chuo, Bodi ya Mikopo wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 300,000 nyingine. Kinachobaki ni 1,132,000. Hiyo ndiyo namba ya kumtajia dalali. Tatizo ni kwamba siku ya kupata barua ya ajira uliitaja ile ya kwanza, na shangazi zako wote wanayo.

2. Kodi ya nyumba. Hapa mnivumilie.

Mimi ni mhasibu. PAYE nilikuwa naikokotoa usingizini. Nilipoanza kazi mwaka 2018 kwa mshahara wa 1,500,000, nilichukua kalamu nikatoa NSSF na kodi kwa viwango vya wakati ule, nikapata 1,062,900. Mwezi wa kwanza ikaingia hiyo hiyo, shilingi kwa shilingi. Wakati ule mtaani kila mtu analia vyuma vimekaza, mimi nikajiona nimeshatoka.

Dalali akanipeleka Mikocheni: fensi, vigae, kisima, jenereta, mlinzi anayekuita "bosi". Kodi 400,000, miezi sita mbele, na mwezi mmoja wa dalali. Jumla 2,800,000. Nilikuwa na laki nane. Milioni mbili nikakopa ofisini, zikatwe 250,000 kila mwezi. Nikanunua na kochi la L la rangi ya maziwa, kwa sababu sebule ilikuwa inalitaka.

Mwezi wa tatu nikafungua slipu nikakuta 587,900. Nilikwenda kwa mhasibu mkuu karibu nakimbia, slipu mkononi, nikamwambia mshahara wangu umekosewa. Mzee akavua miwani. "Binti, chuo ulisomeshwa na nani?" Nikajibu, serikali. Akaniangalia tu. Ofisi nzima ikaangua kicheko. Ofisi ilikuwa imechelewa kupeleka jina langu Bodi, basi miezi miwili nilikula 225,000 kila mwezi ambayo haikuwa yangu kuipangia, nikaijengea maisha. Na mimi, mhasibu, nilikuwa nimesahau kabisa kama nadaiwa.

Sasa piga hesabu ambayo sikuipiga. Ili kodi ya nusu mwaka unaofuata isinikute uchi, nilitakiwa kuweka 400,000 kila mwezi. Toa kwenye 587,900. Zinabaki 187,900 za kula, luku ya umeme, nauli, saluni, na mdogo wangu wa kiume aliyekuja "kutembea wiki mbili" na kukaa mpaka leo hajanieleza kwa nini. Sikuweka hata mia.

Mama mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya. Mwezi wa sita akaniandikia, "Mwanangu habari za asubuhi, nakukumbusha tu tarehe moja inakaribia." Nilikuwa na laki tatu. Kumwambia mama yangu nisingeweza, alishatangaza kanisani kwamba mtoto wake anakaa Mikocheni. Nikaenda kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali. Hawakutaka dhamana ya nyumba wala gari. Walitaka kadi yangu ya benki na namba ya siri.

Nikawapa. Naandika hili mkono unasita, lakini niliwapa. Mshahara uliofuata uliingia saa nne asubuhi, nikiwa mezani nahakiki mishahara ya wenzangu. Saa nne na dakika kumi na mbili simu ikalia: umetoa 400,000. Mimi nimekaa kitini. Mtu amesimama kwenye ATM mahali fulani hapa mjini, anakula mshahara wangu kabla yangu. Miezi mitatu mfululizo ilikuwa hivyo, na kila tarehe ya mshahara nilikuwa nageuza simu kifudifudi ili jirani yangu wa meza asisome.

Niliondoka Mikocheni kwa kirikuu, saa mbili usiku, nikajidai nakimbia foleni. Tabata nilipata chumba na sebule kwa 150,000, mwenye nyumba akakubali miezi mitatu mitatu. Kochi likagoma kupita mlangoni. Tuligeuza, tukasimamisha, dereva akashauri tung'oe fremu, mwenye nyumba akasema mtu asiguse fremu yake. Likalala nje chini ya mwembe. Kufika Ijumaa kuku wa jirani walishataga humo.

Ninachotaka mlione ni hiki: tatizo halikuwa udogo wa mshahara. Mshahara unakuja kwa vipande kila mwezi, lakini mji huu unakudai kwa mafungu: kodi miezi sita, ada ya mtoto mwanzoni mwa muhula. Mwenye laki sita na nusu anayekaa Chanika kwenye kibanda chake ambacho hakijapigwa lipu, tarehe moja inampita kama tarehe nyingine. Wewe wa milioni mbili inakutoa jasho. Kati yenu nani ana hali nzuri? Mimi nimeshachagua jibu langu, na kiwanja nimenunua.

Tip ndogo: siku ya mshahara, kabla hujanunua hata vocha, kodi ya mwezi huo iende kwenye akaunti isiyo na kadi. Nyingine: soma mkataba ujue nani analipia mafuta ya jenereta. Na ukiona luku inakwenda haraka, kumbuka humo kuna na kodi ya jengo la mwenye nyumba.

3. Usafiri. Tafuta kwanza njia ya kwenda kazini, ndipo utafute nyumba. Kama kazi ni Posta, Kimara yenye mwendokasi inaweza kuwa karibu kuliko mahali unapopaona karibu kwenye ramani. Ila mvua ikikolea na Jangwani ikajaa maji, barabara inafungwa, hapo hata mimi sina ushauri. Habari za kununua gari la IST kabla mkopo wa kwanza haujaisha sitaki kuzisikia.

4. Masaki. Msiende. Kodi za kule zilizoeleka kutajwa kwa dola, na ingawa kanuni za 2025 zimekataza kutaja bei za ndani kwa fedha za kigeni, aliyezoea kuwaza kwa dola atawaza kwa dola na kukutajia kwa shilingi.

5. Michango. Utaongezwa kwenye makundi ya wasapu ya watu usiowajua: kichen pati, sendofu, harusi, na siku hizi kuna na kikao cha kuvunja kamati ambacho nacho kina mchango. Mpya kazini anaona aibu, anaandika "laki mbili" kwa sababu aliye juu yake kaandika laki mbili. Ahadi ni deni, na kwenye kamati ya harusi deni hilo lina mweka hazina anayepiga simu mpaka saa tatu usiku. Najua, nimewahi kuwa mweka hazina. Andika elfu hamsini, lipa siku hiyo hiyo, uone utakavyoheshimika.

6. Nilikuwa na la sita kuhusu SACCOS, vyama vya kuweka na kukopa. Jiungeni tu.

Yule kijana elfu ishirini nilimpa. Nikamwambia kesho aje na mkataba wa nyumba na slipu, saa saba mchana, tukae tupige hesabu kabla hajanunua sofa. Akashukuru sana, akaniita mama, jambo ambalo sikulipenda. Halafu akasema kesho haitawezekana dada, ana kikao cha kamati ya sendofu, yeye ndiye mwenyekiti.